Jengo la makazi na biashara mtaani: halmashauri inapata nini, inalipa nini?

Swali la msomaji: Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Sinza. Mwekezaji amenunua nyumba mbili za zamani karibu na Barabara ya Shekilango na anataka kupandisha jengo la ghorofa kumi: chini maduka, katikati ofisi, juu makazi. Kwenye mkutano wa mtaa mwakilishi wake alituambia kwamba manispaa itaneemeka kwa mapato, na wananchi wakamjibu kwa kelele za chemba, taka na shule. Naomba mtaalamu atufafanulie kwa hesabu: jengo la namna hii linaiingizia halmashauri fedha kuliko linavyoitia gharama?

Ndugu mjumbe,

Swali lako lina maswali mawili ndani yake, na mkutano wenu ulivurugika kwa sababu kila upande ulikuwa unajibu la kwake. Mwakilishi wa mwekezaji alizungumzia mfuko wa halmashauri. Wananchi walizungumzia huduma za mtaa. Katika Dar es Salaam ya leo vitu hivyo viwili vimeachana kwa kiasi kikubwa, na inawezekana kabisa halmashauri ikapata ziada ndogo kutokana na jengo hilo huku mtaa ukizidi kubanwa. Nitaanza na fedha, kisha nitarudi kwenye chemba, kwa sababu naamini wananchi wako walikuwa na hoja nzito kuliko walivyoweza kuieleza kwa kelele.

Kwanza tuondoe hoja moja inayotumika vibaya. Wenye miradi hupenda kutaja mifano ya Marekani, ambako miji mingi imegundua kwamba majengo ya matumizi mchanganyiko yanalipa kodi nyingi mno kwa kila ekari. Mfano maarufu ni wa Asheville, katika jimbo la North Carolina, ambako jengo la zamani la katikati ya mji lililokarabatiwa kuwa na maduka, ofisi na makazi lilionekana kulipa kodi ya mali ya takribani dola 634,000 kwa ekari, wakati duka kubwa la Walmart la pembezoni, lenye uwanja mpana wa maegesho, lililipa kama dola 6,500 kwa ekari. Hesabu hiyo ni sahihi kwa Asheville, kwa kuwa kule kodi ya mali hutozwa kwa thamani ya jengo na ardhi yake, na sehemu kubwa ya fedha hizo huingia moja kwa moja kwa serikali za pale pale. Ukipandisha thamani ya eneo, umepandisha mapato ya mji.

Kwetu mnyororo huo umekatika mara mbili. Sheria ya mwaka 1983 ya ukadiriaji wa majengo mijini ilizipa mamlaka za miji nafasi ya kuthamini majengo na kutoza kwa asilimia ya thamani, na Dar es Salaam ilikuwa na daftari la uthamini, ingawa halikuwahi kukamilika wala kuhuishwa ipasavyo. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu 2018 viwango vikawa vya mkupuo. Mwaka 2021 kodi ikaanza kukatwa kwenye LUKU, yaani malipo ya umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa Sh1,500 kwa mwezi na jengo la ghorofa Sh7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa, yaani Sh18,000 na Sh90,000 kwa mwaka. Ghorofa moja ya Masaki na ghorofa moja ya Mbagala zinalipa sawa. Nyumba mbili za zamani alizonunua mwekezaji wenu zilikuwa zikilipa jumla ya Sh36,000 kwa mwaka. Jengo la ghorofa kumi, tukiacha mjadala wa makazi ya ndani yenye mita ya umeme na hati ya peke yake, litalipa Sh900,000. Ni ongezeko la mara 25, na kwenye mkutano linavutia kulitangaza, lakini ni fedha ndogo kuliko kodi ya miezi miwili ya fremu moja nzuri ya Shekilango, na wala hazikusanywi na halmashauri yenu, Manispaa ya Ubungo.

Kwa hiyo, anayesema manispaa itaneemeka aeleze itaneemeka kwa chanzo gani. Vyanzo vya ndani vilivyobaki mikononi mwa halmashauri, kwa jengo kama hili, ni vitatu vinavyostahili kutajwa: ada ya kibali cha ujenzi, ambayo hulipwa mara moja, leseni za biashara, ambazo hulipwa kila mwaka, na ushuru wa huduma, ambao ndio mkubwa. Ushuru wa huduma hutozwa kwenye mauzo, baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa, na kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 0.3. Mimi nitatumia hicho. Sheria ya Fedha ikikigusa, wewe badilisha tarakimu, mantiki itabaki ile ile.

Angalia jambo moja kabla hatujaingia kwenye hesabu. Vyanzo hivyo viwili vya kila mwaka vyote vinatokana na biashara, yaani ghorofa za chini. Ghorofa sita za makazi hazileti karibu chochote kwa halmashauri, lakini ndizo zinazoleta watoto wa shule, wagonjwa wa zahanati na sehemu kubwa ya taka za kila siku. Hapo ndipo matumizi mchanganyiko yanapata maana ya kifedha katika mji wetu: fremu zinawalipia wakazi. Jengo la makazi matupu lenye ukubwa huo huo lingekuwa mzigo mtupu kwa mfuko wa manispaa, na jengo la biashara tupu lingekuwa faida tupu, walau kwenye karatasi.

Tuchukue jengo la mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kudhania, nimezipanga ili uweze kuzibadilisha kwa kalamu yako. Ghorofa mbili za chini zina fremu 16, kila moja ikiuza Sh milioni 8 kwa mwezi. Supamaketi ndogo inayouza Sh milioni 90. Na mgahawa unaouza Sh milioni 20. Ghorofa mbili zinazofuata zina ofisi nane ambazo kwa pamoja zinapata Sh milioni 150. Jumla ni Sh milioni 388 kwa mwezi, sawa na Sh bilioni 4.66 kwa mwaka. Asilimia 0.3 yake ni karibu Sh milioni 14. Ongeza leseni 26, tuseme kwa wastani wa Sh 200,000, upate Sh milioni 5.2. Halmashauri inaona Sh milioni 19.2 kwa mwaka.

Hiyo ndiyo tarakimu ambayo mwekezaji angependa muishie nayo. Sasa ipunguzeni. Fremu mpya hazijazwi na wafanyabiashara waliotoka mwezini. Tuseme kumi kati ya zile 16 zimechukuliwa na watu waliokuwa na maduka mitaa ya jirani, humo humo Ubungo, na sehemu walizotoka zimebaki tupu. Ushuru wao na leseni zao, kama Sh milioni 4.9, manispaa ilikuwa inazipata tangu mwanzo. Tunabaki na Sh milioni 14.3. Kisha kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kisheria inatengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni matumizi mema, lakini hayazoi taka wala hayajengi darasa. Tunabaki na karibu Sh milioni 12.9.

Nikiri hapa kwamba hoja ya kuhama ina upande wake wa pili. Supamaketi itakula wateja wa duka la Mangi lililo kona ya mtaa, na duka la Mangi kwa kawaida halijawahi kulipa ushuru wa huduma kwa mauzo yake halisi. Mauzo yakihama kutoka kwenye daftari la mkopo kwenda kwenye mashine ya risiti, manispaa inapata fedha ambazo hapo awali hazikuonekana. Kwa maisha ya mtaa, hiyo ni habari nyingine, na sitaki kuifanya ionekane nzuri kwa Mangi.

Upande wa gharama una mtego ambao hata maofisa mipango huuingia. Njia rahisi ni kuchukua matumizi yote ya halmashauri, kuyagawa kwa idadi ya wakazi, na kusema kila mkazi mpya ataongeza kiasi hicho. Njia hiyo ya wastani hukosea pande zote mbili, kwa sababu gharama za huduma hupanda kama ngazi. Darasa lenye watoto 30 likipokea watano zaidi, halmashauri haitumii hata shilingi ya nyongeza kwa ujenzi. Darasa ambalo limekwisha kupita kiwango cha watoto 45 likipokea watano hao hao, mmeshafika kwenye kidato cha ngazi, na hakuna nusu darasa linalojengwa.

Jengo letu la mfano lina ghorofa sita za makazi zenye vyumba vinne kila moja, jumla familia 24, tuseme watu 96. Wapangaji wa ghorofa za namna hiyo wengi hupeleka watoto shule binafsi, na kila asubuhi mabasi ya njano yanathibitisha hilo, kwa hiyo niweke watoto 15 tu kwa shule ya msingi ya serikali. Tangu 2016 elimu hiyo haina ada, na mishahara ya walimu hulipwa na Hazina, lakini madarasa, madawati na vyoo vinaiangukia halmashauri kwa sehemu kubwa. Mwaka 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilipojenga madarasa nchi nzima, darasa moja lilihesabiwa Sh milioni 20. Watoto 15 ni theluthi ya darasa. Jengo la kwanza halitaonekana shuleni. La tatu ndilo litakalodai darasa zima, na kwa Sinza, ambako uwanja wa shule umekwisha kumegwa na kuzungukwa, darasa hilo litalazimika kwenda juu, na gharama zake haziwezi kuwa zile za kijijini.

Taka ni hesabu ya kila siku. Kwa kukadiria kilo 0.8 kwa mtu, wakazi 96 watatoa tani 28 kwa mwaka. Maduka, ofisi na hasa mgahawa vinaweza kuongeza tani 40. Kama kukusanya na kusafirisha tani moja hadi dampo la Pugu Kinyamwezi kunagharimu Sh60,000, ni Sh milioni 4 kwa mwaka. Wenye jengo wakilipa ada ya taka kwa mkandarasi kikamilifu, mzigo huo hauigusi halmashauri. Uzoefu wangu unasema majengo makubwa hulipa vizuri kuliko nyumba za uani, kwa sababu ni rahisi kumbana mlipaji mmoja kuliko kubisha hodi kwenye milango 24. Ongeza safari za afisa afya, afisa biashara na mkaguzi wa majengo, tuseme Sh milioni moja. Kwa hiyo, tukichukulia kwamba ada ya taka hailipwi, gharama za kila mwaka zinazoiangukia halmashauri moja kwa moja ni kama Sh milioni 5, na ziada inayobaki ni karibu Sh milioni 8 kwa mwaka, kabla ya lile darasa.

Kwa hiyo mwakilishi wa mwekezaji hakusema uongo. Alichosema ni kweli, ila ni kweli nyembamba sana. Chukulia kwamba nusu ya fremu na nusu ya ofisi zimebaki tupu, jambo ambalo yeyote anayepita Dar es Salaam na kuona vibao vya “Fremu inapangishwa” vilivyopaushwa na jua hatalishangaa. Mapato ya halmashauri yanashuka hadi chini ya Sh milioni 12 kabla ya makato yoyote, wakati wakazi wa juu, taka zao na watoto wao wako pale pale. Chukulia tena kwamba wapangaji wanatangaza nusu tu ya mauzo yao, na ziada imekwisha. Niliwahi kushiriki kuandaa maoteo ya mapato ya halmashauri moja, sitaitaja, ambako jengo jipya lilihesabiwa kana kwamba litajaa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu tulipozunguka na afisa biashara, ghorofa ya pili yote ilikuwa na duka moja la vipodozi na stoo ya magodoro. Biashara ya kweli ilikuwa nje, kwenye kibaraza, kwa machinga wenye vitambulisho vya Sh20,000 vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018, ambao kwa mpango ule hawakutakiwa kutozwa kingine. Mteja alikuwa amefika, lakini hakuwa na sababu ya kupanda ngazi.

Ndiyo maana, kama ningekuwa kwenye kamati ya mipango miji ya manispaa, swali langu la kwanza kwa mbunifu lisingekuwa urefu wa jengo. Ningeuliza fremu za chini zinafungukia wapi. Fremu inayotazama barabara, yenye kibaraza kipana na upana anaoumudu fundi simu au muuza dawa, hupata mpangaji na hubaki naye. Fremu iliyogeukia ndani, kwenye ukumbi unaohitaji ulinzi na kiyoyozi, ndiyo ile ya magodoro. Kwa kuwa mapato ya halmashauri yanategemea mauzo, mchoro wa ghorofa ya chini ni waraka wa kifedha, ingawa hupitishwa kama suala la sura ya jengo.

Sasa nirudi kwa wananchi wako na chemba zao.

Nimeonyesha ziada ya halmashauri kwa kuacha nje gharama nyingi, na sikuziacha kwa hila. Zimeachwa na mfumo. Barabara za mtaa zilikwenda kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa mwaka 2017. Maji safi na majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Zimamoto ni jeshi lililo chini ya Serikali Kuu. Mishahara ya walimu na wauguzi iko Hazina. Kila mmoja ana bajeti yake, na hakuna hata mmoja anayekusanya ule ushuru wa huduma. Halmashauri inayotoa kibali inaona mapato yote na inaona sehemu tu ya gharama. Katika mpangilio wa namna hiyo, hata mtumishi mwaminifu kabisa atakuwa na mwelekeo wa kusema ndiyo.

Majitaka ndiyo yanayoonyesha pengo hilo waziwazi. Sinza, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Viwanja vilikuwa vidogo, barabara zilipimwa vizuri, na kila kitu kilikadiriwa kwa nyumba ya chini ya familia moja au mbili, yenye karo na shimo la kunyonya ardhini. Nusu karne baadaye tunaweka watu 96, mgahawa na ofisi nane juu ya viwanja viwili vya namna hiyo. Kwa lita 100 kwa mkazi kwa siku, na nyongeza ya lita 4,400 kwa shughuli za chini, jengo litatoa kama lita 14,000 za majitaka kila siku. Pale ambapo bomba la DAWASA halifiki, gari la lita 10,000 litalazimika kuja zaidi ya mara moja kwa siku, zaidi ya safari 500 kwa mwaka, kwenye barabara ya mtaa.

Mwaka jana nilisimama asubuhi moja nyuma ya jengo la namna hiyo, si la Sinza, nikisubiri kukutana na msimamizi wake. Saa kumi na mbili na nusu gari la majitaka lilikuwa limeziba njia nzima, mpira wake umelazwa juu ya matofali ya kibaraza, na mama lishe wa pale alikuwa amehamisha jiko na masufuria hadi ng’ambo ya mtaro akisubiri limalize. Mlinzi alikuwa na daftari la kurasa nyingi ambalo aliandika tarehe, namba ya gari na saa. Nilimwomba nilitazame. Miezi ya kiangazi ilikuwa na safari karibu kila siku. Kurasa za Aprili, kwenye masika, zilikuwa na safari nne tu kwa mwezi mzima, na idadi ya wapangaji ilikuwa ile ile. Sikuhitaji kumuuliza majitaka ya Aprili yalikwenda wapi. Mtaro ulikuwa miguuni petu.

Mwenye jengo aliokoa nauli za gari kwa mwezi mmoja. Gharama haikutoweka, ilishuka na maji hadi kwa mtu mwingine. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, dawa, kambi za wagonjwa, klorini na posho za wahudumu havikumsubiri aliyefungulia karo. Halmashauri zilibeba sehemu yake, na familia zikabeba iliyobaki. Gharama ya aina hii haiingii kwenye hesabu yoyote ya mapato na matumizi ya jengo, na siwezi kukupa tarakimu yake kwa Sinza. Lakini Sh milioni 8 za ziada kwa mwaka ni kinga nyembamba mno dhidi yake.

Usalama wa jengo wenyewe uko kwenye kundi hili pia. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo la Novemba 2024, yametukumbusha kwamba ukaguzi wakati wa ujenzi si karatasi ya kupigwa muhuri. Ada ya kibali huingia kwenye mapato ya jumla. Mhandisi na gari la ukaguzi huombwa kwenye bajeti nyingine na mara nyingi hukatwa. Ningependa kuona ada hiyo ikilipia kwanza kazi ambayo jina lake linaitaja.

Baada ya kusema yote hayo, usinielewe kwamba nawashauri kulikataa jengo. Swali la haki ni hili: familia zile 24 zisipokaa Sinza, zitakaa wapi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Watu milioni moja walioongezeka hawakukaa hewani. Wengi wao wako Chanika, Kivule, Chamazi, Bunju na Goba, kwenye maeneo ambayo shule, zahanati, bomba na lami vyote vilianza upya, vikiwafuata watu miaka kadhaa baada ya kuhamia. Familia 24 zilizotawanyika kwenye viwanja 24 huko pembezoni zinahitaji urefu wa barabara na bomba ambao jengo moja la Sinza halihitaji, na gari la taka linalotumia nusu siku kukusanya kwao lingemaliza kwenye jengo kwa robo saa. Mkazi wa Shekilango anaweza kwenda kwa miguu hadi mwendokasi wa Barabara ya Morogoro. Kwa jiji zima, na kwa Hazina inayolipia barabara na walimu, kujenga juu ndani ya mji kuna nafuu kubwa kuliko kujenga chini nje ya mji, na hilo ninalisema bila kusita.

Tatizo ni kwamba nafuu hiyo inapatikana Chamazi, ambako hakuna aliyehitaji kujenga barabara, na kero inapatikana Sinza. Mkazi wa Sinza hawezi kuambiwa avumilie chemba kwa ajili ya akiba iliyopatikana kwenye manispaa nyingine. Njia ya kuzipatanisha ni masharti ya kibali, na hapa sheria iko upande wenu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na mamlaka hiyo inaweza kuidhinisha uendelezaji kwa masharti. Mabadiliko ya matumizi, kutoka kiwanja cha makazi kwenda cha makazi na biashara, hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Pingamizi linalosema “hatulitaki” hutupwa kirahisi. Pingamizi linalosema “tunalitaka likiwa na mtambo wake wa kusafisha majitaka au limeunganishwa na bomba la DAWASA kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia” ni gumu kulitupa.

Ombeni pia sharti kuhusu atakayesimamia jengo mwekezaji akishauza. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 kila chumba kinaweza kuwa na hati yake, na mwekezaji akamaliza kuuza, akachukua chake akaondoka. Maeneo ya pamoja, yaani lifti, karo, kizimba cha taka na pampu, hubaki kwa umoja wa wamiliki. Umoja huo usipoanzishwa mapema na kuchangishwa tangu siku ya kwanza, mwaka wa tano utakuta pampu imekufa, wamiliki wanatupiana lawama kwenye kundi la WhatsApp, na mtendaji wa mtaa ndiye anayepigiwa simu usiku.

Kwenye mkutano ujao msibishane tena juu ya neno “mapato”. Mwekezaji akisema ana uzoefu, mwombeni, kwa barua iliyopitia kwa mtendaji wa kata, risiti za gari la majitaka na za mkandarasi wa taka za jengo lake lililotangulia, mwezi kwa mwezi kwa mwaka mmoja, Aprili ikiwemo. Halafu mwombeni diwani awapatie kutoka manispaa orodha ya leseni hai za biashara na ushuru wa huduma uliokusanywa kwenye jengo hilo hilo, kama lipo Ubungo. Kumbukumbu hizo sasa ziko kwenye TAUSI, mfumo wa kompyuta wa mapato ya halmashauri, hazihitaji mtu kupekua makabati. Wekeni karatasi hizo mbili pembeni mwa hesabu niliyokupa, futeni tarakimu zangu za kudhania na andikeni za kwake.